Ile siku tulipopewa kalamu nyekundu chuoni

Waliosoma ualimu chuo kikuu watanielewa haraka. Mwaka wa kwanza kuna ile koso ya stadi za kusoma na kuandika kitaaluma, kila chuo kina jina lake ila kitu ni kilekile, mnajazana ukumbi mkubwa, projekta mbele, slaidi zinapita, jina la mwandishi linaanza na lipi, mwaka unakaa wapi, nukta inakaa wapi, halafu inakuja slaidi ya kuepuka wizi wa maandishi, halafu mtihani. Mimi ile koso nilifaulu vizuri tu, na wengi walifaulu, manake mtihani wenyewe ulikuwa unasema taja hatua tano za kusoma kitabu, unataja, unatoka. Ile njia ya Robinson ya mwaka 1946 tuliikariri ilivyo, pitia juu juu, jiulize maswali, soma, jisemee mwenyewe ulichoelewa, rudia, na sikumwona hata mtu mmoja anasoma kitabu kwa namna hiyo, watu waliendelea kupiga msuli na madesa ya waliotangulia kama kawaida.

Ninachotaka kusimulia ni cha mwaka wa pili. Tumerudi tu kutoka mazoezi ya kufundisha, vichwa bado viko mashuleni, na kuna Madam mmoja alikuwa anatufundisha saikolojia ya elimu, semina zake za kundi dogo, mnakaa duara na hakuna pa kujificha. Alikuwa ametupa asaimenti kubwa ya semista: tathmini mchango wa nadharia ya Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi, katika ufundishaji wa darasani. Siku hiyo tukajua anakuja kutupa maelekezo, kurasa ngapi, rejea ngapi, maandishi saizi gani, yale maswali yetu ya siku zote. Akaingia na rundo la karatasi na boksi la kalamu nyekundu, akasema leo hakuna anayeandika insha, leo mnasahihisha.

Watu tulifurahi bwana. Kusahihisha ndo kitu pekee tulichokuwa tunajiona tunakiweza, tumetoka juzi kubeba marundo ya madaftari, tiki, kosa, tiki, "jitahidi zaidi", sahihi, tarehe, linalofuata. Kumbe hatujui tunaenda wapi.

Alizogawa zilikuwa insha tatu za wanafunzi wa miaka ya nyuma, majina yamefutwa, swali karibu sawa na la kwetu. Na karatasi moja ya vigezo, ile rubriki: hoja, ushahidi, mpangilio, matumizi ya rejea. Hiyo karatasi tulikuwa tunaiona imebandikwa nyuma ya kila asaimenti tangu tuingie chuo na hakuna aliyekuwa anaisoma, mtu anafunua anaangalia alama anafunika. Siku hiyo ndo ilisomwa mstari kwa mstari, watu wanabishana "ushahidi wa kutosha" maana yake nini, kwa sababu sasa wenye kalamu ni sisi.

Tukasahihisha kimyakimya kila mtu peke yake. Halafu Madam akachora jedwali ubaoni, akaita mmojammoja aseme alama zake. Insha ya pili ndo ilileta kelele. Mmoja kaipa 34, mwingine 72, wengine wametapakaa hapo katikati. Karatasi ileile, vigezo vilevile! Yule wa 34 akawa anacheka kwa kutokuamini, anasema nyie mmesoma kitu gani.

Madam hakushangaa hata kidogo. Akatuambia mwaka 1912 huko Marekani wakina Starch na Elliott walichukua karatasi za mtihani za Kiingereza wakazituma kwa walimu wengi wa sekondari wasahihishe, na karatasi moja kuna mwalimu aliipa chini ya 70 na kuna aliyeipa juu ya 95. Watu wakasema sawa, hiyo ni lugha, lugha ina mambo ya ladha, hesabu haiwezi kuwa hivyo. Mwaka uliofuata wakarudia kwa karatasi ya jiometri na tofauti ikawa kubwa zaidi. Hapo jamaa wa hisabati kwenye kundi letu alikaa vizuri kwenye kiti.

Basi akasema: hatutatafuta nani yuko sahihi, kila mmoja atetee alama yake, ila kwa sharti moja tu, nioneshe kwenye karatasi. Ukisema hoja ni dhaifu, weka kidole. Ukisema ameelewa nadharia, weka kidole, amekuelewesha mstari gani? Hicho kisentensi, nioneshe kwenye karatasi, nadhani alikitamka mchana ule mpaka na sisi tukaanza kuambiana wenyewe kwa wenyewe.

Tukaanza na insha ya kwanza, ambayo wengi waliipa alama za juu. Ilikuwa nene, ina maneno makubwa, ina rejea kila sentensi, imeanza na maana ya elimu kutoka kwenye kamusi (hii tabia sijui nani alituroga nayo, mtu ameulizwa kuhusu Vygotsky anaanza kueleza elimu ni nini). Madam akachagua aya moja akaiandika ubaoni. Ilikuwa inaenda hivi, naikumbuka manake niliinakili (Piaget na Bruner nao ni wanasaikolojia wa ujifunzaji): "Vygotsky (1978) anasema skafoldingi ni muhimu katika ujifunzaji. Piaget naye anaeleza kuwa mtoto hujenga maarifa. Bruner anasisitiza ugunduzi. Kwa hiyo walimu wanapaswa kutumia nadharia hizi darasani."

Akauliza aya hii ina tatizo gani. Kimya. Kiukweli ilionekana kama aya yoyote tunayoandika sisi.

Akachukua dasta, akafuta majina, akayarudisha yakiwa yamebadilishana nafasi. Vygotsky akakaa kwa Piaget, Bruner akakaa kwa Vygotsky. Akasema someni tena. Tukasoma. Aya ikasimama vilevile! "Kwa hiyo" ikabaki palepale, hitimisho lilelile, hakuna kilichogonga wala kuvunjika. Akasema kama unaweza kuwahamisha watu kwenye aya yako na aya isilalamike, ujue hukuwa umesema kitu kuhusu yeyote kati yao.

Mimi hapo ndo nilipoelewa hasa neno tathmini linadai nini, na sio kwenye slaidi. Ukisema Piaget anamtazama mtoto anavyojenga maarifa kwa kushughulika na vitu na Vygotsky anaanzia kwenye yule mtu mzima au mwenzake anayejua zaidi aliyekaa pembeni ya mtoto, halafu ukasema hiyo tofauti inambadilishia nini mwalimu anayepanga vikundi vya kazi, hapo jaribu kubadilisha majina uone, sentensi inakataa yenyewe.

Halafu akarudi kwenye ile sentensi ya kwanza ya aya. Akauliza nani amesoma hicho cha 1978 ambacho mwandishi anasema amekisoma. Hakuna. Akauliza Vygotsky alifariki lini. Yule dada mmoja, alikuja chuo akiwa ameshafundisha shule ya msingi muda mrefu na sisi tulikuwa tunamwita Mwalimu kwa heshima, akasema 1934. Sawa, sasa 1978 anasemaje? Darasa likacheka. Madam akaeleza kwamba kile ni kitabu cha maandishi yake yaliyokusanywa na kutafsiriwa na watu wengine baada ya miaka mingi, na sio dhambi kukitaja, dhambi ni kukitaja kwa jambo ambalo hujaliona mule ndani. Akatoa kwenye mkoba makala ya Wood, Bruner na Ross ya mwaka 1976, ndiyo inayotajwa sana kwa hilo jambo la skafoldingi, ule msaada unaompa mwanafunzi halafu unaupunguza kadri anavyoanza kuweza mwenyewe. Akaizungusha tuishike. Ni utafiti wa watoto wa miaka 3, 4 na 5 wanajenga piramidi ya vipande vya mbao huku kuna mtu anawasaidia, na waandishi wanaeleza hatua kwa hatua yule msaidizi anafanya nini, anavuta umakini wa mtoto, anapunguza ugumu wa kazi, anaonesha. Nilishangaa namna inavyosomeka. Mimi nilijua makala za kitaaluma ni vitu vya kutisha, kumbe humo ndani kuna watoto na vipande vya mbao, na yote haya sisi tulikuwa tumeyapata kwenye desa kwa mstari mmoja, "Vygotsky, skafoldingi, muhimu".

Insha ya tatu sitaiongelea sana, ilikuwa ya kuunga vipande, unasoma unaona kabisa sauti inabadilika katikati ya ukurasa, huku mtu anaandika kama mwanafunzi, mara ghafla anaandika kama waziri. Tulikubaliana wote haraka.

Vita ilikuwa ya pili. Ile insha ilikuwa fupi, lugha nyepesi, rejea chache, na mwandishi alikuwa amechukua jambo moja tu, kwamba ukanda wa ukuaji wa karibu, lile eneo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa, linamdai mwalimu ajue kila mtoto yuko wapi, na yeye kwenye mazoezi yake ya kufundisha alikuwa na darasa kubwa ambalo hata majina hakuyamaliza. Kwa hiyo akauliza, nadharia inayomtaka mwalimu amjue kila mmoja inafanyaje kazi pale asipoweza kumjua kila mmoja? Mimi ndo niliyeipa 72. Jamaa wa 34 akasema haina rejea za kutosha, na ni hadithi ya mtu binafsi, sio ushahidi. Nikamwambia hii ndo pekee kati ya zote tatu iliyouliza swali. Akasema kuuliza sio kujibu. Nikamwambia ukihamisha majina hapa inavunjika. Akasema haina majina ya kuhamisha! Watu wakacheka, na mimi nilicheka, alinipata hapo.

Nikaendelea lakini, nikasema jibu linaweza kupatikana kwa Vygotsky mwenyewe kwa sababu anayesaidia sio lazima awe mwalimu, anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake anayejua zaidi, kwa hiyo darasa kubwa linaweza likawa lina wasaidizi wengi kama mwalimu atapanga vikundi kwa akili, ila hapo napo kuna shida, mwalimu atajuaje nani anajua zaidi kwenye jambo lipi. Nikaongea weee. Madam alikuwa ameegemea ukuta anasikiliza. Nilipomaliza akasema alama yake yeye ilikuwa 58, na kwamba nimeitetea insha vizuri kuliko ilivyojitetea yenyewe, yote niliyosema hayamo kwenye karatasi. Halafu akasema nenda kaandike hayo.

Dakika za mwisho akatutaka tuandike maoni pembeni ya insha kama kwamba mwenyewe atayasoma, na akapiga marufuku "fafanua", "boresha" na "vizuri". Hii ilikuwa ngumu kuliko kutoa alama. Yule dada Mwalimu aliandika pembeni ya ile aya ya majina: "Umesema walimu wanapaswa. Mwalimu wa darasa lipi, na Jumatatu asubuhi aanze na nini?" Madam akaisoma kwa sauti mara mbili.

Asaimenti yangu niliiandika kutokana na yale niliyobwabwaja semina. Kabla ya kusahau nilikaa nikayaandika yalivyo kwa lugha ya mdomoni, ndipo nikaenda maktaba kutafuta nani anakubaliana na mimi na nani anapinga, na kusoma kukawa kwepesi ajabu kwa sababu safari hii nilikuwa naingia kwenye kitabu nikijua ninachokitafuta. Noti nilizigawa ukurasa, kulia wanachosema wao, kushoto ninachouliza mimi, ile staili ya Walter Pauk wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, na hiyo nayo tulikuwa tumeikariri mwaka wa kwanza bila kuitumia. Kabla ya kukusanya nikabadilishana rasimu na yule jamaa wa 34, nilimtaka yeye hasa kwa sababu nilijua hatanihurumia, na kweli kila nilipoandika "tafiti zinaonesha" alizungushia duara na kuandika zipi.

Ikarudi na 66. Mimi nilitegemea zaidi, nikaenda ofisini kwa Madam. Nikamwambia Madam, naona kama hoja yangu ya vikundi ina nguvu kuliko hii alama. Akanisogezea kiti, akaiweka insha mezani katikati yetu, akanipa kalamu. Nioneshe kwenye karatasi. Nikaanza kutafuta, nikaonesha aya ya tatu, akaisoma, akauliza ushahidi kwamba mwanafunzi anayejua zaidi anamsaidia mwenzake badala ya kumpa tu majibu uko mstari gani, nikafunua mbele, nikarudi nyuma. Tukaenda hivyo ukurasa kwa ukurasa mpaka foleni ya wanafunzi wengine ikajaa mlangoni. Hakuongeza hata alama moja, na kwenye foleni wa kwanza alikuwa jamaa wa 34, ameshika yake.