Mombasa hadi New York na mamangu: zile saa 15 zilivyokuwa 35

Huu ushauri wa "Nairobi New York ni saa 15 tu, unalala unaamkia huko" ulituponza vibaya. Aliyetupa ni binamu yangu na yeye anakaa Nairobi, sie tuko Kisauni. Hizo saa 15 ni kweli, ndege inakata karibu kilomita 12,000 bila kutua popote, ila ni saa za hewani peke yake.

Mara ya kwanza nikanunua tiketi mbili mbali mbali, moja ya Mombasa Nairobi, nyingine ya ng'ambo, manake hivyo ilionekana rahisi. Ndege ya kwanza ni safari ya saa moja hata haifiki, ilikuwa iondoke saa moja na nusu jioni, tukakalishwa mpaka saa tatu na nusu. Tumeshuka Nairobi saa nne na nusu usiku, tungojee begi, kisha nimkimbize mama wa miaka 68 na magoti yake hadi upande wa ndege za nje, kufika kaunta ni saa tano kasoro dakika kumi na imeshafungwa. Ndege yenyewe bado iko pale, inaondoka saa tano na nusu! Na kwa kuwa tiketi hazikuwa pamoja hakuna wa kumdai. Mamangu alikaa juu ya begi akavua viatu, akaniambia, "Mwanangu, usijisumbue, tutakwenda siku nyingine." Nililia wallahi. Kubadilisha tarehe kulinila elfu thelathini na kitu kila mmoja.

Mara ya pili nikapanga kivyangu. Nyumbani tulitoka saa kumi na mbili asubuhi kabla daraja la Nyali halijajaa, tukapita Makupa, Changamwe, hadi Miritini kupanda treni ya asubuhi ya SGR. Inashusha Syokimau na pale uwanja wa ndege ni karibu, kwa hivyo mchana tuko Nairobi, tukala tukaswali tukapumzika, hata treni ingechelewa saa tatu nisingeshtuka.

Kitu nilichofanya na najivunia ni saa mbili za mkononi. Mama anameza dawa za presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na New York wakati wa joto iko nyuma yetu saa saba. Saa yake ya kila siku sikuigusa, ikabaki ya Mombasa kwa ajili ya dawa, ile ya mkono wa kulia nikaiweka ya kule. Tulitua yake ikisema saa nane na nusu mchana, ya kulia saa moja na nusu asubuhi, na hakuruka kidonge hata kimoja. Foleni ya uhamiaji ikatula, mlangoni kwa dadangu Queens tukabisha saa nne asubuhi. Hesabu kutoka Kisauni: saa 35.

Kurudi hewani ilikuwa saa 14. Mama akauliza mbona mapema, nikamweleza kule juu kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenda unaupinga, kurudi unakusukuma. Akatikisa kichwa, "Aa, kama jahazi na kaskazi," akafunga mkanda wake.