Nilivyopeleka cheti kimoja Wete

Cheti chenyewe nilikizongazonga kwenye kanzu, maana kioo cha fremu kilikuwa chembamba mno na meli ya usiku ya Pemba mnaijua wenyewe, ukilala chini unakanyagwa, ukipata kiti basi jirani anakulalia begani mpaka Mkoani.

Kisa kilianza hivi. Sisi tulowahi kwenda kusoma Marekani mwaka mmoja kwa ule mpango wa YES huwa tunakutana Forodhani, tunakula urojo, tunachanga vijisenti, safari hii tukasema tuwape shukrani watu wanaoiunganisha Zanzibar na watu wa nje. Kahafla kadogo tu. Sasa vyeti vikaenda kwa nani, kwa wenye suti! Walotia saini, walokata utepe, mmoja hata alikuwa hajui kwa nini kaitwa. Nikauliza jamani mbona hakuna hata mama mmoja alomlaza mgeni nyumbani kwake, kimyaa, mwisho wakanambia haya, si we ndo unamjua yule wa Wete, kichapishwe kimoja upeleke.

Mimi hili linanigusa kwa sababu nimelelewa bure na mtu nisomjua. YES ilianzishwa 2002, mwaka mmoja baada ya yale mambo ya Septemba 11, maseneta Kennedy na Lugar wakataka vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakakae ndani ya nyumba za Wamarekani, wasome skuli zao, wale chakula chao, na familia zile hazilipwi hata senti. Mama wa Iowa alonipokea alikuwa anaamka na mimi kula daku, yeye Mkristo, anakaa tu na kikombe cha kahawa ananitazama ninavyokula, eti hapendi nile peke yangu.

Halafu kuna kitu nilikigundua nikashangaa, Rais Eisenhower nae aliitisha mkutano White House wa kutaka raia wa kawaida wajenge urafiki na raia wa nchi nyengine, tarehe hiyo hiyo 11 Septemba, ila 1956. Ndo huko Marekani ilikotokea habari ya miji dada. Mji wetu wa Zanzibar una udugu na Potsdam ya Ujerumani tangu 2017, japo wazee wa Kikwajuni watakucheka ukiwaambia 2017, wao Wajerumani wa Mashariki wanawajua toka enzi za Mzee Karume, ndo walowajengea yale maghorofa, na Potsdam yenyewe ilikuwa huko huko Mashariki.

Haya tuendelee na safari. Tulipofika usawa wa Nungwi bahari ikaanza visa vyake, na tangu ile meli ilozama 2011 hapo soga zinakatika zenyewe, unasikia nyiradi tu na mtoto mmoja mmoja analia. Mi nikakumbatia fremu.

Mkoani asubuhi, chai na mkate wa ufuta, gari mpaka Chake, nyengine mpaka Wete. Ilikuwa msimu, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi njia nzima, harufu inaingia dirishani mpaka unasahau kichefuchefu.

Bibi alikuwa uani anakuna nazi. Nikabisha hodi, nikambusu mkono, akaniuliza nyumbani wote wazima, nimekula? Sijajibu sahani ishafika. Huyu bibi kashakaa na vijana sita wa Kijerumani, wanakuja kujitolea mwaka mzima kwa ule mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts, ulioanza 2008. Anawahesabu kwa vidole kama wajukuu zake. Wa kwanza, anasema, alikuwa analia kila magharibi akisikia adhana, bibi akadhani anaogopa, kumbe inamkumbusha kengele za kanisa la kwao. Basi bibi akawa kila adhana ya magharibi anamwita waje wakune nazi pamoja, mpaka akazoea, mpaka akawa anakuna kumshinda yeye.

Nikatoa cheti. Akakigeuza geuza, "Kimeandikwaje?" Hapo ndo nikaona aibu, kimeandikwa Kiingereza kitupu! Sisi wenyewe tulochapisha, wala sina wa kumlaumu. Nikaanza kutafsiri, diplomasia ya wananchi, sijui mchango, ulimi unagonga, mwisho nikamwambia bibi, kwa kifupi wewe ni balozi.

"Balozi? Wa nyumba kumi? Mwanangu mambo ya siasa mie siyataki."

"Siyo huyo bibi, wale wa nchi za nje, wenye gari za bendera."

"Na gari yenyewe umeiacha wapi?"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Halafu akanyamaza, akauliza wazee wa wale watoto je, nao wamepewa? Nikasema hapana. "Sasa mmefanya nini? Wao ndo walotoa watoto wao waje kulala kwa mtu wasomjua. Mie nilitoa kitanda."

Sikuwa na jibu. Nilimfikiria mama yangu Jang'ombe, alivyonisindikiza uwanja wa ndege nina miaka 16, hakusema neno hata moja.

Cheti kikatundikwa sebuleni juu ya friji. Mimi nikafungashiwa mkate wa kumimina, na kisutu kipya na kifuko cha karafuu vya kumpelekea yule wa kwanza, nitajijua mwenyewe vitafikaje.

Bandarini Mkoani begi likapekuliwa, karafuu ile ni mali ya kuuzwa serikalini tu, hawataki mchezo. Askari akakishika kifuko, za nini hizi? Nikasema gao moja tu la chai, zinakwenda Potsdam, Ujerumani, kwa mtoto wa bibi mmoja wa Wete. Akaniangalia.

"Yule mzungu mwembamba alokuwa akipanda baskeli? Mi kwetu Limbani."

Nikamwambia ndo huyo huyo. Akafunga zipu mwenyewe, akanambia nimsalimie.