Jinsi nilivyoirekebisha ripoti yangu ya pendulamu
Ripoti yangu ya kwanza ya fizikia, iliyohusu kutafuta mchapuko wa uvutano (kiwango ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka) kwa pendulamu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi, ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya maneno "makosa ya kibinadamu", na pembeni mwalimu ameuliza: makosa yapi? Uzi wa sentimita 20 ulikuwa umenipa mchapuko wa mita 9.34 kwa sekunde mraba, wa sentimita 50 ukanipa 9.62, nami nikachukua wastani tu.

Nilirudi kwenye vipimo vyenyewe nikachora grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu. Mstari haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1 hasi, sawasawa na nusu kipenyo cha gololi yangu, kwa kuwa nilikuwa nimepima uzi hadi juu ya gololi badala ya katikati yake. Mwinamo wa grafu, ambao kosa hilo haliugusi, ulinipa 9.8.

Majadiliano niliyaandika upya, nikitaja kosa, ukubwa wake na sababu ya uzi mfupi kuathirika zaidi. Kwa maoni yangu, sehemu hiyo inastahili muda mwingi kuliko utangulizi. Majedwali niliyaacha yalivyo, bila kufuta hata namba moja.