Makasia yasiyoonekana: nilivyofika pointi 150,000 kwenye Pinball

Tulipokuwa watoto Migosi, hapa Kisumu, kaseti yetu ya michezo mingi ilikuwa na ugonjwa mmoja tulioshindwa kuutibu. Ukicheza Pinball, ule mchezo wa kupiga mpira juu ya meza usidondoke chini, mpaka ufikishe pointi 100,000, vile vibao viwili vinavyopiga mpira vinatoweka. Sisi watoto wa kando ya ziwa tuliviita makasia. Makasia yakishapotea, mpira unaporomoka katikati na mchezo umeisha. Binamu yangu, mwenye mashine, alikuwa anaichomoa kaseti, anaipuliza, anairudisha, tunaanza tena sifuri.

Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba kaseti ile ilikuwa nzima. Mchezo umetengenezwa hivyo: kuanzia 100,000 hadi 150,000 makasia hayaonekani, lakini yapo palepale na yanapiga kama kawaida. Nintendo, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, waliutoa Japani mwaka wa 1984 kwa ajili ya Famicom, mashine ambayo hizi zetu za bei nafuu zilikuwa nakala yake. Mmoja wa walioandika programu yake ni Satoru Iwata, ambaye mwaka wa 2002 alikuwa rais wa Nintendo. Famicom ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 2 tu. Jambo hili linanigusa kila nikilifikiria: mtu hana nafasi ya kuongeza kitu, basi anaondoa picha moja, na mchezo unakuwa mgumu maradufu.

Nikaamua lazima nifike huko ng'ambo ya 150,000, makasia yanakorudi.

Mashine ilikuwa bado ipo kwenye katoni, juu ya kabati la mama. Pini za kaseti nilizisugua kwa pamba yenye spiriti, na pamba ikatoka nyeusi tititi. Kule kupuliza kwetu hakukuwa kunasaidia kitu. Unyevu wa mdomo ndio unaoleta kutu. Mchezo uliwaka mara ya kwanza.

Lakini kwenye TV bapa ya sebuleni nilikuwa nachelewa kila pigo. Nilidhani vidole vimezeeka, mpaka nikaelewa kwamba TV hizi zikipokea picha ya mashine ya zamani huibadilisha kwanza ndipo ziionyeshe. Ni sehemu ndogo ya sekunde. Ukitazama habari hutaiona, ila kwenye Pinball mpira umeshapita. TV ya kisogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, huichora picha papo hapo inavyoingia.

Jumapili nikaenda soko la Kibuye. Tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka wa 2015, TV za kisogo zimekuwa mzigo kwa wenyewe, na fundi niliyemkuta alikuwa anazibomoa apate vipuri.

"Omera, hii unaipeleka wapi na watu wanaitupa?"

"Ni ya gemu, fundi. Naomba tu uiwashe nione kioo."

Akaiwasha. Inchi 14, rangi safi, tundu la waya wa njano wa kuingizia picha lipo. Nilirudi nayo kwenye boda nimeipakata, imefungwa leso ya mama.

Sasa kazi yenyewe. Kasia la kushoto unalipiga kwa kidole kwenye msalaba wa pedi, la kulia kwa kitufe cha A. Utotoni tulikuwa tunapiga yote mawili kwa pamoja, bila kupumzika, na hilo ndilo lililotumaliza. Ukiinua kasia moja na kulishikilia juu, mpira ukija polepole unatulia pembeni. Unaachia, unaanza kuteremka kuelekea ncha, ndipo unapiga. Ukipiga mapema unaenda upande mmoja, ukichelewa unaenda mwingine. Nilikaa wiki mbili nikifanya zoezi hilo peke yake, bila kujali pointi. Hata kile chumba cha ziada, ambamo Mario anabeba ubao kichwani kumwokoa yule dada aliyefungiwa juu, nilikiacha kwanza, ingawa nakipenda.

Baadaye nikakata vipande vya selotepu na kuvibandika kwenye kioo pale ncha za makasia zinapokaa. Vilikuwa vinne, kwa sababu meza ina sehemu mbili, ya juu na ya chini, na picha inabadilika mpira ukivuka. Kwa siku kadhaa vilinisaidia. Kisha nikavibandua, kwa maana nilitaka mikono ijue yenyewe. Na mikono ilijua! Makasia yalipotoweka, niliuona mpira ukitulia hewani, umelala juu ya kitu kisichoonekana, nami kidole changu kimekishikilia. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo ndani ya mchezo.

Mara mbili nilianguka baada ya 130,000, na mara moja stima ilipotea nikiwa 141,000. Usiku wa Alhamisi nilikuwa na mpira wa mwisho. Sikutazama pointi hata kidogo. Niliushika kushoto, nikaupeleka juu, ukarudi, nikaushika kulia, na katikati ya pigo makasia yakarudi. Yote mawili, yaleyale. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka chumbani.

"Kuna nini, nyathina?"

"Yamerudi, Mama!"

Alikaa kando yangu mpaka mpira ule ulipoisha. Nilipiga picha ya kioo, nikamtumia binamu yangu, ambaye siku hizi anaishi Mombasa. Ilikuwa karibu saa sita usiku, lakini alijibu palepale: "Kumbe haikuwa imeharibika."