Siku Moja Maishani Mwangu: Barafu ya Kibo Darasani

Saa 11:15 alfajiri. Nipo nyumbani, Majengo, Moshi, nikipitia andalio la somo huku nikisubiri maji ya chai yachemke. Kidato cha tatu tumefika kwenye mabadiliko ya tabianchi, mada ambayo wanafunzi wengi huwa wameikariri kabla sijaingia darasani: gesijoto, viwanda, ukataji wa miti, kuyeyuka kwa barafu ya Kilimanjaro. Ukimuuliza mmoja wao amejuaje, hujibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema, na mazungumzo huishia hapo. Leo nimeandaa jedwali lenye mistari minne tu, linaloonyesha eneo la barafu ya kudumu mlimani kwa kilomita za mraba: mwaka 1912, takriban 12.1; 1953, 6.7; 1989, 3.3; 2011, 1.8. Sikulipa kichwa cha habari, kwa sababu kichwa humwelekeza mwanafunzi cha kufikiri kabla hajazitazama tarakimu.

Saa 12:20 asubuhi. Ndani ya daladala la kupanda Kibosho nimeketi na mzee anayeutazama mlima kupitia dirishani. Baada ya shikamoo na marahaba, ananiambia kwamba enzi za ujana wake weupe ulishuka hadi chini sana, na siku hizi mlima umebaki kipara. Ushuhuda wa mtu aliyeishi chini ya mlima maisha yake yote una uzito wake, lakini namuuliza kama anakumbuka ilikuwa miezi gani. "Baada ya masika, mwalimu," anajibu. Jibu lake nalihifadhi kwa ajili ya klabu ya mchana.

Saa 1:30 tuko mstarini: matangazo, usafi, karo za chakula. Namshukuru Mungu kwamba si zamu yangu.

Saa 2:40 hadi saa 4:00, vipindi viwili mfululizo. Nachora jedwali ubaoni na kuwataka wanafunzi wanieleze, katika makundi, kinachotokea. Somo hufundishwa kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, ila mabishano ya makundi huhamia kwenye Kiswahili yenyewe, nami siyazuii, kwa kuwa mtoto anayetafuta neno hawezi wakati huohuo kutafuta hoja. Kundi la nyuma linamaliza mapema na kutangaza kwamba upotevu unapungua: kilomita za mraba 5.4 katika miaka 41 ya kwanza, 3.4 katika miaka 36 iliyofuata, 1.5 katika miaka 22 ya mwisho. Wamegawanya hadi wakapata wastani wa kila mwaka, na hesabu yao ni sahihi. Msichana mmoja aliye karibu na dirisha anasimama na kusema kwamba yeye ameona kinyume chake, maana kila kipindi karibu nusu ya barafu iliyokuwapo imetoweka, na nusu ya mwisho imechukua miaka 22 badala ya 41. "Ukila nusu ya ugali, halafu nusu ya uliobaki, matonge yanapungua lakini sahani inakwisha," anawaambia wenzake, na darasa zima linacheka.

Hapa ndipo ninapopenda kukawia. Tarakimu ni zilezile, hesabu za pande zote mbili ni sahihi, ila maswali mawili tofauti yameulizwa. Ninawataka waandike kila upande umeuliza swali gani, na kazi hiyo inakula dakika nyingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu wamezoea kuandika majibu tu.

Kisha kijana mmoja anauliza swali ambalo nilitamani liulizwe. Ikiwa karibu nusu ya barafu ya mwaka 1912 ilikwishatoweka kufikia 1953, wakati ambapo dunia ilitoa hewa ukaa kidogo kuliko sasa, viwanda vinahusikaje? Mwenzake anamalizia kwa sauti kwamba basi habari zote za tabianchi ni uongo wa Wazungu.

Swali la wa kwanza ni la kitaalamu kabisa. Wako wanasayansi waliotoa hoja kwamba kupungua kwa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kulianza na ukavu ulioikumba Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa karne ya 19: theluji mpya ilipungua, anga likawa na mawingu machache, jua likaipiga barafu kwa muda mrefu zaidi. Kule juu, karibu na mita 5,895, hewa kwa kawaida huwa chini ya nyuzi sifuri, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Hilo haliufuti mchango wa joto la dunia, hasa katika miongo ya karibuni, na mvua zetu zenyewe hufuata hali ya Bahari ya Hindi, ambayo nayo inapata joto. Aliyesema ni uongo namwambia kwamba ameruka hatua. Ushahidi kwamba dunia inapata joto unatokana na vipimajoto vya nchi kavu na baharini kote ulimwenguni, na mlima mmoja, hata uwe wetu, hauwezi kuuthibitisha wala kuuangusha peke yake. Ananitazama bila kuridhika, jambo ambalo halinisumbui.

Saa 4:15, chai na andazi ofisini. Mtaaluma ananiuliza kwa upole kama kwa mwendo huu nitamaliza mada kabla ya mtihani. Ni swali la haki, kwani mtihani utataka sababu tano zilizoelezwa vizuri, na anayeleta maswali badala ya sababu hapewi alama. Kwa hiyo hizo sababu tano nazifundisha pia, kesho, kwa nusu kipindi. Muda huo unatosha kwa kitu cha kukariri. Saa 5:20 narudia somo lilelile katika mkondo wa pili na linakwenda kwa kusuasua, hakuna anayebisha.

Saa 9:00 alasiri, baada ya makande, klabu ya mdahalo. Mwanafunzi ameniletea picha mbili za Kibo zilizosambazwa kwenye WhatsApp, "zamani" na "sasa", moja nyeupe na nyingine kavu. Nawauliza swali la mzee wa daladala: zilipigwa mwezi gani? Hakuna ajuaye, na taratibu wanagundua kwamba theluji ya msimu, inayoanguka na kuondoka ndani ya siku chache, si ile barafu ya kudumu iliyo kwenye jedwali. Picha hizo zingeweza kupigwa mwaka mmoja.

Tunaingia kwenye utabiri. Mwaka 2002 Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu kutoka Marekani, na wenzake walikadiria kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Muda huo umepita na barafu ingalipo. Mwaka 2022 UNESCO ilisema itatoweka ifikapo 2050. Upande mmoja wa klabu unadai kwamba aliyekosea mara moja asisikilizwe tena. Upande wa pili unajibu kwamba kukosea mwaka si kukosea mwelekeo. Kwa maoni yangu upande wa pili una hoja nzito zaidi, lakini ninawabana vilevile: utabiri unaosogezwa mbele kila ukikosea utajulikana lini kwamba umeshindwa?

Saa 2:00 usiku nasahihisha. Swali lilikuwa moja: ni ushahidi gani ungekufanya ubadili mawazo? Baadhi wameacha wazi. Msichana wa ugali ameandika kwamba angebadilika kama vipimo vya barafu ya kudumu vingeonyesha ongezeko kwa miaka kadhaa mfululizo, nami nimempa alama zote. Kijana wa "uongo wa Wazungu" ameandika mstari mmoja: wapande wakaweke vipimo hukohuko juu, miaka mingi, si siku moja. Naye nimempa alama zote, na chini yake nimeandika kwamba vifaa vya kupimia hali ya hewa viliwekwa kwenye barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000, na kwamba wiki ijayo yeye ndiye atakayeongoza kundi la kutafuta vilirekodi nini.