Ndege Iliyowashwa kwa Mkono

Kwa nauli niliyotoa nilistahili angalau mahali pa kunyooshea miguu. Badala yake nilipewa kiti cha dirishani, mbele kidogo ya bawa la kulia, magoti yamegandamizwa na kiti cha mbele. Faida yake ilikuwa moja tu: nikigeuza shingo, mdomo wa injini huo hapo, na kile kimstari cheupe kilichozungushwa kwenye kitovu chake. Hukichora ili walio chini wajue kwa kutupa jicho kama injini inazunguka.

Trekta likatusukuma nyuma. Kiyoyozi kikanyamaza, na hilo ni kawaida, maana hewa ya injini ndogo ya mkiani inayotupoza ndiyo hiyohiyo inayotumika kuzungusha injini kubwa mpaka ishike moto. Nikakikodolea macho kile kimstari. Hakikusogea. Kiyoyozi kikarudi, kikakata tena. Kimstari palepale.

Kukawa kimya. Jasho likaanza kututiririka mgongoni, mtoto akalia, watu wakageuza kadi za maelekezo ya usalama kuwa vipepeo. Hatimaye rubani akazungumza, na nampa heshima zake kwa kutotuficha: vali ya kupitisha hewa kwenda kwenye starta imegoma kufunguka, injini yenyewe ni nzima, anaitwa fundi aje aifungue kwa mkono.

Kwa mkono! Mzee wa pembeni yangu akanigeukia. "Mwanangu, wakisema tushuke tusukume, mimi goti langu bovu."

Nilicheka, ila nilikuwa nimewaza hayohayo. Kwetu basi likizimika njiani kila abiria anageuka fundi: huyu anasema betri, yule anasema dizeli, na utingo anaficha jiwe nyuma ya tairi. Hapa tulifungiwa mikanda, hakuna wa kumpa ushauri.

Fundi akaja bila haraka, hedifoni masikioni, spana mkononi. Hakupita mbele ya injini hata kidogo. Alizunguka kwa pembeni, akajibana ubavuni mwake, akaingiza spana kwenye kitundu cha gamba. Midomo yake ikawa inacheza: anaongea na rubani. Akainua dole gumba, akakaza mkono. Kimstari kikatikisika, kikaanza kuzunguka polepole, kikaongeza mwendo mpaka kikawa duara la ukungu. Kisha ule mngurumo wa kushika moto ukapanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno. Aliendelea kuishikilia vali mpaka alipoambiwa aiachie, akarudi kinyumenyume akiwa bado anaitazama injini. Mzee akapiga makofi peke yake.

Ya angani sina la kusimulia, nililala.

Tulipotua nilimkuta rubani mlangoni anaaga watu, nikamuuliza kama ni halali kuruka na kitu kibovu. Akasema ipo orodha iliyoidhinishwa ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuondoka bila navyo, na kwa masharti gani. Vali ile kazi yake ni kuwasha tu. Kwa injini kama ile, ikifika nusu hivi ya kasi yake inajizungusha yenyewe, starta haina tena la kufanya. Ingekuwa joto la ndani limepanda kupita kiasi, au mgandamizo wa oili haukupanda, angezima palepale na kuturudisha sote tulikotoka. "Chini ndiko pa kusumbuka," akasema.

Na kurudi je? Akacheka: vali mpya haijafika, kwa hiyo fundi wa hapa naye atakamata spana.

Nikashuka. Nyuma ya kioo abiria wa zamu inayofuata walikuwa wameshajipanga, makoti mwilini, wanaitazama ndege ileile. Nilitamani kuwaambia wavue hayo makoti, lakini nauli wameshalipa.