Nilivyochora ramani ya dopamini katika ubongo wa mjusi bila friji kubwa

Watu wakisikia kazi yangu huuliza kwanza kama mjusi ana ubongo. Anao, mdogo, na ndani yake mna dopamini, serotonini na noradrenalini, kemikali za kupelekeana ujumbe kati ya seli, zile zile zilizomo kichwani mwetu. Mimi nilitaka kujua dopamini hutengenezwa wapi kwa yule mjusi wa kichwa cha buluu anayepanda miembe kote Kampala. Vibali vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na vya Mamlaka ya Wanyamapori vilichelewa, lakini vilitoka.

Shida ilikuwa baridi. Maelekezo mengi hudhani una mashine ya kukata ubongo uliogandishwa. Kwetu stima hukatika usiku, na ubongo ukiyeyuka na kuganda tena seli huchanika. Fundi mkongwe wa maabara akaniambia, "Mwanangu, nta haitaki friji." Nikahifadhi ubongo kwa fomalini, nikauondoa maji kwa alkoholi, nikauzamisha katika nta na kuukata kwa maikrotomu ya kuzungusha kwa mkono, vipande vya maikromita 10.

Nta na fomalini zina gharama yake: huficha protini inayotafutwa. Hapo ilibidi kuchemsha slaidi katika bafa ya sitrati ya pH 6, myeyusho wenye asidi hafifu, ili kuifunua kabla ya kuweka kingamwili, protini inayonasa kitu kimoja tu; yangu ilinasa tairosini haidroksilesi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini. Kingamwili ndiyo pekee iliyohitaji baridi, nikaigawa katika vichupa na kuomba nafasi kwenye friji ya jirani zetu wenye jenereta.

Rangi ya kahawia, inayoonyesha kingamwili iliponasa, ilipotokea sikushangilia haraka. Chembe za damu nazo hugeuka kahawia usipozizima kwanza kwa haidrojeni peroksaidi, na utando wa ubongo wa mjusi una weusi wake wa asili. Kila mara niliweka kando slaidi isiyotiwa kingamwili. Kilichoonekana pale pia nilikifuta kwenye mchoro.

Seli nyingi zilikaa sakafuni mwa ubongo wa kati, kundi linalolingana na lile ambalo likifa kwa binadamu huleta ugonjwa wa Parkinson. Za nyuma zaidi nilizipima tena kwa kingamwili ya kimeng'enya kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, maana kimeng'enya cha kwanza kimo katika seli za dopamini na za noradrenalini pia.

Sehemu iliyonikalisha zaidi ni haipothalamasi, eneo la chini ya ubongo, kandokando ya uwazi wenye maji ya ubongo. Mtafiti Smeets na wenzake, Amsterdam, walionyesha miaka ya 1980 kwamba kwa geko, mjusi wa aina nyingine, seli za hapo zina dopamini ilhali kimeng'enya kile cha kwanza hakionekani. Kwangu palibaki peupe, na weupe huo hauthibitishi kwamba dopamini haipo. Nimepachora kwa mistari ya mshazari. Kuitafuta dopamini yenyewe kunataka ubongo uliohifadhiwa kwa glutaraldehaidi, kwa hiyo slaidi zangu za fomalini hazifai. Ombi la kibali cha nyongeza nimeshaliwasilisha.